Kufundisha Vivumishi vya Wepesi katika Kiingereza

Katika vitabu vya kusomea Kiingereza mwanafunzi wa shule ya msingi huweza kukutana na maelezo ya nyumba au ya darasa kama haya: "The room is light and airy." Sentensi ina maneno sita, hakuna hata moja lililo refu, na mwalimu asiye na uzoefu huipita haraka akidhani kwamba haina tatizo. Mwanafunzi kwa upande wake hufanya kile alichofundishwa. Hulitafuta neno "light" katika daftari lake la msamiati, hulikuta limeandikiwa "-epesi", naye husoma: chumba ni chepesi. Kisha hufikia "airy", hukumbuka kwamba "air" ni hewa, na kumaliza: chumba ni chepesi na cha hewa. Hakuna Mswahili asemaye kwamba chumba ni chepesi, isipokuwa labda anayehamisha kibanda cha makuti. Alichokusudia mwandishi ni kwamba chumba kina mwanga wa kutosha na kinapitisha hewa vizuri.

Mtoto huyo hakuwa mvivu. Alifuata njia aliyoonyeshwa, na njia yenyewe ndiyo yenye kasoro. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa nini vivumishi vya Kiingereza vinavyohusu wepesi na hewa havifundishiki kwa kuandika neno moja la Kiingereza mkono wa kushoto na neno moja la Kiswahili mkono wa kulia. Kivumishi cha namna hii hufundishwa pamoja na kitu kinachosifiwa, na pamoja na nia ya msemaji, yaani kama anasifu au anakashifu.

Jambo hili lina uzito wake. Nchini Tanzania, tangu mwaka 1967, Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali kwa jumla, na Kiingereza hufundishwa kama somo. Lakini mwanafunzi aingiapo sekondari hukuta masomo karibu yote yakifundishwa kwa Kiingereza. Katika fizikia atakutana na mada nzima iitwayo "Light", isiyohusiana na uzito hata kidogo. Na katika kurasa nyingine za kitabu hicho hicho ataambiwa kwamba hewa yenye joto ni "lighter" kuliko hewa ya baridi, ambapo habari ya mwanga haimo kabisa. Aliyepewa "-epesi" peke yake atakuwa amekwisha kupotea kabla hajaingia maabara.

Kivumishi "-epesi" na kazi zake

Inafaa tuanze na Kiswahili, kwa sababu mtoto haji darasani kichwa kitupu. Anakuja na lugha nzima. Kivumishi "-epesi" kina kazi nyingi kuliko tunavyotambua tunapokitamka. Mzigo ukiwa mwepesi, hauna uzito. Swali likiwa jepesi, halisumbui akili. Uji ukiwa mwepesi, una maji mengi. Chai ikiwa nyepesi, majani hayakutosha. Mtu akiwa mwepesi, hufanya kazi zake upesi. Akiwa mwepesi wa kukasirika, hana subira. Usingizi ukiwa mwepesi, hukatika kwa mchakato wa panya darini. Mwingereza akitaka kuyasema hayo yote atahitaji neno jipya karibu kila mara: "a light load", "an easy question", "thin porridge", "weak tea", "a quick worker", "quick-tempered", "a light sleep". Katika orodha hiyo "light" limejitokeza mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni.

Kwa hiyo mwanafunzi aliyekariri kwamba "-epesi" ni "light" ataandika "a light question" na "light to get angry". Yule aliyekariri kwamba "-epesi" ni "easy" ataandika "My bag is easy", na mwalimu atacheka. Hakuna la kuchekwa hapo. Mtoto ameitumia kanuni aliyopewa, tena ameitumia kwa uaminifu.

Tofauti ya "light" na "easy" inastahili kupewa muda, maana ndiyo inayosumbua zaidi. Yapo mahali ambapo maneno yote mawili yanaweza kufuatwa na "work", nasi kwa Kiswahili tungesema "kazi nyepesi" pande zote mbili. Lakini "light work" ni kazi isiyochosha mwili, na "easy work" ni kazi isiyohitaji ujuzi wala kufikiri sana. Kutunga uzi katika sindano ni kazi ya kwanza: mikono haibebi kitu, ila kwa mwenye macho mabaya si rahisi hata kidogo. Kuchota maji kisimani na kuyafikisha nyumbani ni kinyume chake. Kila mtoto anajua namna ya kufanya, hakuna fumbo ndani yake, lakini ndoo iliyojaa huijua shingo inayoibeba. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wataje kazi za nyumbani na kuzigawa katika mafungu hayo mawili, watabishana wenyewe kwa wenyewe, na katika ubishi huo watakuwa wamejifunza zaidi ya ambavyo tungewaeleza sisi.

Upo uwanja ambamo lugha hizi mbili hukubaliana, nao ndio unaofaa kuwa mwanzo wa somo. Mzigo mwepesi ni "a light load", chakula chepesi ni "a light meal", usingizi mwepesi ni "a light sleep", adhabu nyepesi ni "a light punishment". Mwanafunzi apate kwanza furaha ya kuona kwamba anachokijua kinafanya kazi. Kisha aonyeshwe mpaka ulipo, hasa kwenye uji na chai, vitu anavyovijua kuliko mwandishi yeyote wa kitabu cha kiada.

Maneno mawili yenye sura moja

Mbali na hayo yote, "light" la uzito na "light" la mwanga ni maneno mawili. Hayana asili moja. Katika Kiingereza cha kale yalikwisha kufanana sura, nayo yamebaki hivyo hadi leo, yakiandikwa sawa na kutamkwa sawa. Wanafunzi wetu hawatashangazwa na jambo hilo iwapo watakumbushwa neno "paa" la Kiswahili: paa la nyumba, paa wa porini, kupaa angani, na kupaa samaki kwa kisu. Hakuna mtoto anayedhani kwamba mnyama yule ameezekwa kwa mabati.

Njia nyepesi ya kuyatenganisha ni kuyafundisha kwa vinyume vyake. Kinyume cha moja ni "heavy", na kinyume cha jingine ni "dark". Mwanafunzi akikutana na sentensi yenye "light", ajaribu kwanza kuweka "not heavy", kisha "not dark", na aone ni ipi inayoleta maana. "The room is not heavy" inachekesha. "The room is not dark" inakubalika. Basi jibu limepatikana bila kamusi. Jaribio hili dogo tunalipendekeza kuliko maelezo marefu ya sarufi, kwa kuwa mtoto anaweza kulifanya peke yake akiwa ndani ya chumba cha mtihani.

Jaribio hilo hushindwa mahali pamoja, napo ni kwenye nguo. "A light blue dress" ni gauni la rangi ya buluu isiyokoza, hata kama kitambaa chake ni kizito kama cha blanketi. Mkato ukiingia kati, "a light, blue dress", gauni limekuwa jepesi kwa uzito, na buluu yake yaweza kuwa imekoza kabisa. Walimu wengi huona alama ya mkato kuwa pambo. Hapa inabadilisha gauni.

Tukiwa bado na neno hili, wanafunzi walio karibu na bahari watafurahi kujua kwamba tishali, chombo kinachopokea shehena kutoka meli iliyotia nanga mbali na gati kama ilivyokuwa desturi kwa miaka mingi katika bandari ya Tanga, kwa Kiingereza huitwa "lighter". Jina hilo limetokana na kuipunguzia meli uzito. Halina uhusiano na kile cha kuwashia sigara, ambacho kinatokana na "light" la pili.

Vivumishi vitokanavyo na hewa, upepo na manyoya

Kiingereza kina mtindo wa kuongeza herufi "y" mwishoni mwa jina ili kupata kivumishi: "air" huzaa "airy", "breeze" huzaa "breezy" baada ya kuangusha "e" yake, "feather" huzaa "feathery", "fluff" huzaa "fluffy", "silk" huzaa "silky". Mtindo huu ni hazina kwa mwalimu, kwa sababu mtoto anayejua jina amekwisha kupata nusu ya kivumishi. Hatari yake ni kwamba nusu iliyobaki haikisiki. Kiswahili hakina kawaida ya kuwa na kivumishi kimoja mahali hapa. Mara nyingi kazi hii hufanywa na kitenzi. Chumba "airy" ni chumba kinachopitisha hewa. Kitambaa "see-through" ni kitambaa kinachoonyesha mwili. Andazi "fluffy" ni andazi lililoumuka. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza, "Mwalimu, airy kwa Kiswahili ni nini?" mwalimu asitaharuki kwa kukosa neno. Amjibu kwa kuuliza, "Airy ya nini?"

Neno "airy" lenyewe husifu. Linasemwa kwa vyumba, kumbi, baraza na nyumba zenye madirisha mapana. Kinyume chake ni "stuffy", yaani chumba chenye hewa nzito, kilichofungwa, kinachoumiza kichwa. Ni vema mwalimu afundishe maneno haya mawili kwa pamoja, na afundishe kwa darasa lile lile alimo. Ikiwa madirisha yamezibwa kwa mabati na wanafunzi wamebanana wanne katika dawati moja, asiwalazimishe kukariri kwamba "Our classroom is light and airy". Sentensi ya kweli kwao ni "Our classroom is dark and stuffy", nayo ina sarufi nzuri vile vile, tena hawataisahau.

Lipo pia "draughty", ambalo husema kwamba upepo unaingia, lakini kwa kulalamika. Uingereza ni nchi ya baridi. Upepo unaopenya chini ya mlango wakati wa majira ya baridi ni adha, na nyumba yenye upepo wa namna hiyo hukarabatiwa. Kwa mtoto wa Pangani, anayeijua kaskazi na joto lake, upepo mwanana unaoingia ndani ni neema, naye atataka kulitumia "draughty" kusifu baraza ya babu yake. Mwalimu amwelekeze kwenye "breezy". Mtoto wa Njombe katika mwezi wa Julai hatahitaji maelezo mengi: atauelewa upesi ule upepo usiotakiwa. Hapa twaona kwamba hali ya hewa ya mahali huingia katika maana ya neno, na kwamba mwalimu hana budi kutumia hali ya hewa ya wanafunzi wake kama zana.

Kuna mtego mwingine. Katika Kiswahili cha leo neno "hewa" limepata maana ya kitu kisichokuwapo, kama vile watumishi hewa, waliosemwa sana nchini Tanzania mwaka 2016 serikali ilipofanya uhakiki wa orodha za mishahara. Mwanafunzi mwerevu atatafsiri "airy workers". Kiingereza hapo hutumia jina la mzimu, "ghost workers". Hata hivyo "airy promises" hupatikana, nazo ni ahadi zinazotolewa kirahisi bila kukusudiwa sana. Kwa darasa la msingi tunaona inatosha kufundisha "airy" la chumba, na kuliacha hilo la ahadi lije lenyewe.

Neno "fluffy" ndilo linalofundisha vizuri kuliko yote, kwa sababu linatuonyesha mambo kwa upande wa pili. Tumeona jinsi "-epesi" moja inavyogawanyika katika maneno mengi ya Kiingereza; sasa tuone "fluffy" moja inavyogawanyika katika Kiswahili. Kifaranga "fluffy" ni kile chenye manyoya laini yaliyotutumka. Andazi "fluffy" limeumuka. Wali "fluffy" umechambuka, punje moja moja, haukuwa mashendea. Sufi, ile tunayoitoa katika matunda ya msufi na kujazia mito, ni "fluffy" kwa asili yake. Ni kitu gani kinachoviunganisha vyote hivyo? Ni hewa iliyomo katikati. Kifaranga kimeshika hewa kati ya manyoya, andazi limeshika hewa katika unga, na kati ya punje za wali uliochambuka ipo nafasi. Mwanafunzi akiulizwa swali hilo kwa Kiswahili na akajibu mwenyewe "hewa", amelipata neno katika kiini chake, wala hatahitaji tena orodha ya tafsiri.

Maneno mengine twayapitia kwa haraka. "Feathery" ni kinachofanana na unyoya kwa umbo au kwa mguso, kama majani ya mkrismasi yaliyochanika vipande vidogo vidogo. "Downy" ni lenye manyoya madogo sana na laini, kama malaika yaliyo juu ya ngozi ya mtoto mchanga. "Sheer" na "gauzy" husemwa kwa vitambaa vyembamba kama melimeli na shashi. Katika shule ya msingi "thin" na "see-through" zinatosha, na chandarua kipo karibu kila nyumba kwa kuonyeshea. Ama maneno kama "ethereal" na "diaphanous", ambayo mwalimu mwanafunzi hupenda kuyaandika ubaoni siku ya kukaguliwa, hayana kazi katika darasa la watoto ambao bado hawajaweza kusema kwamba uji ni mwepesi.

Kusifu na kukashifu

Watoto wetu hutengeneza magari ya mabua ya mahindi. Tuchukue gari moja la namna hiyo na watoto wawili. Mwenye gari anasema: "My car is light. It goes fast." Mwenzake, ambaye hana gari, anajibu: "Your car is flimsy. It will break." Gari ni lile lile, na uzito wake haukubadilika kati ya sentensi ya kwanza na ya pili. Kilichobadilika ni moyo wa msemaji. "Light" limesifu, na "flimsy" limeshusha thamani.

Kiswahili kinalo neno linalosaidia sana hapa, nalo ni "hafifu". Asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni -epesi tu. Lakini katika Kiswahili limezoea kusemwa kwa kitu duni au dhaifu. Tunasema kitambaa hafifu, hoja hafifu, udhuru hafifu. Kiingereza nacho husema "flimsy cloth" na "a flimsy excuse". Kwa mara moja lugha zinakwenda sambamba, na mwalimu asiiache bahati hiyo ipite. Aangalie tu kwamba mwanga hafifu si "flimsy light". Huo ni "dim light".

Madhara ya kutolijua jambo hili ni makubwa kuliko ya kukosea herufi. Mwanafunzi akiandika "lihgt", msomaji atatabasamu na kuendelea. Akimwandikia mfadhili barua ya shukrani na kusema "Thank you for the flimsy blanket", kwa kuwa kamusi ilimwambia kwamba neno hilo lina maana ya chepesi, atakuwa ametukana bila kujua, na hakuna atakayemweleza. Blanketi lile lile laweza kuitwa "light" kwa shukrani, "thin" kwa manung'uniko, na "flimsy" kwa dharau. Ngazi hizi tatu zifundishwe kwa sauti na kwa uso: mwalimu aseme kila moja akionyesha furaha, kutoridhika na dharau, na wanafunzi wamwige. Ni mchezo wa dakika tano, nao huchangamsha hata darasa la saa nane mchana.

Kazi ya darasani

Zana za somo hili hazigharimu fedha: sufi au pamba kidogo, unyoya wa kuku, kipande cha chandarua, karatasi, andazi, jiwe, na gari la mabua. Mwalimu mwenye darasa kubwa asibaki na vitu hivyo mezani pake. Avigawe, kimoja kwa kila dawati, kisha vizungushwe. Kila mwanafunzi apulizie kitu kilicho mbele yake. Kinachopeperuka na kisichopeperuka vitakuwa vimetengana vyenyewe, na "light" na "heavy" zitakuwa zimepata maana bila tafsiri. Baada ya hapo wanafunzi washike, wabonyeze, na watazame mwanga kupitia kila kitu. Sufi inabonyea na kurudi; chandarua kinaonyesha uso wa mwenzako; karatasi haionyeshi.

Ubaoni pasiandikwe kivumishi peke yake hata mara moja. Paandikwe "a light feather", "a fluffy chick", "thin porridge", "an airy room". Kwa kufanya hivyo mwanafunzi hujifunza pia, bila kuhubiriwa, kwamba katika Kiingereza kivumishi hutangulia jina na hakibadiliki, tofauti na kwetu ambako mzigo huwa mwepesi, kitambaa chepesi na maswali mepesi. Daftari la msamiati nalo lifuate utaratibu huo huo. Safu ya tafsiri iondolewe, na badala yake mwanafunzi achore kitu chenyewe, au aandike sentensi yake mwenyewe. Kifaranga kilichochorwa vibaya kinafundisha "fluffy" vizuri kuliko neno la Kiswahili lililoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Katika kusahihisha, mwalimu atakutana na makosa ya aina mbili, na asiyatendee sawasawa. Mwanafunzi aliyeandika "My tea is light" amekosea mwenzi wa neno. Asikatiwe kwa kalamu nyekundu tu, bali mstari upigwe chini ya "tea" na "light" kwa pamoja, ili aone kwamba tatizo lipo kati ya maneno hayo mawili, wala halimo ndani ya moja lao. Aliyeandika "My mother's new dress is flimsy" hakukosea sarufi wala mwenzi wa neno. Huyo apewe alama yake kamili, kisha aitwe mezani na aulizwe kwa upole kama kweli gauni jipya la mama yake ni hafifu. Akisema ndiyo, sentensi yake ibaki kama ilivyo.